Kumi na Tisa Ndani, Kumi na Tisa Nje

Sura ya Tano

Uongo wa maskini huandikwa kwenye karatasi ya daftari, na hukamatwa siku hiyohiyo. Uongo wa wenye nacho huwekewa jalada gumu. Ripoti aliyoishika Sajini ilikuwa na jalada linalong'aa, lenye picha ya miti ambayo haijapandwa na watu wenye meno meupe wanaotembea kwenye njia ya miguu ambayo haipo. Ukurasa wa kumi na nne ulisema hivi: katika mtaa wa chekechea, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, siku ya kawaida ya kazi, hupita magari thelathini na nane.

Thelathini na nane. Sajini alikuwa amesimama kwenye mtaa huohuo tangu saa kumi na mbili, mgongo ukutani kwa chekechea, na hayo thelathini na nane yalipita kabla hajamaliza kufunga kamba ya kiatu.

Alikuwa na daftari lenye safu mbili. Safu ya kwanza, magari yenye kibandiko cha kijani kiooni, yaani ya wakazi wa Majumba. Safu ya pili, yasiyo na kibandiko. Majumba ni ile minara sita iliyojengwa nyuma ya mtaa, fleti mia nne na themanini, na mpaka sasa mnara mmoja tu ndio una watu. Mmoja tu, na mtaa ulishakabwa koo. Mitano iliyobaki ikijaa, magari yote yatatokea hapa, kwenye njia ambayo lori likipita, ukuta unavuta pumzi ndani.

Saa tatu kamili akajumlisha. Yenye kibandiko, sabini. Yasiyo na kibandiko, mia mbili arobaini na mawili.

"Umemaliza kuhesabu?" Mwalimu aliuliza. Mwenye chekechea huyo alikuwa mlangoni, filimbi shingoni, kibao cha kusimamishia magari mkononi. Hatua nne kutoka mlango wake hadi lami. Sajini alishazipima.

"Nimemaliza."

"Na wewe umepata thelathini na nane?"

"Nimepata mia tatu na kumi na mawili."

"Basi rudi shule, afande. Hujui hesabu. Wenzako wana digrii."

Alisema afande kama mtu anayetaja ugonjwa. Alikuwa na haki. Miaka ishirini na miwili anafundisha hapo, na wiki iliyopita manispaa imemwandikia barua: kwa kuwa mtaa utakuwa na magari mengi, chekechea ni hatari kwa watoto wake wenyewe, kwa hiyo ifungwe. Yaani mwizi anaingia nyumbani kwako, halafu unaandikiwa barua uhame, kwa sababu nyumba yako ina mwizi. Kamati ya manispaa ilikuwa inakaa kesho Ijumaa saa nne. Ikiidhinisha ripoti, yaani ikikubali kwamba mtaa una nafasi ya kubeba magari zaidi, geti la Majumba linafunguliwa moja kwa moja na mlango wa Mwalimu unafungwa. Ndiyo maana alikwenda kituoni akafungua shauri la kughushi. Na Mkuu wa kituo, ambaye kazi ngumu aliyowahi kufanya ni kupandishwa cheo, alimtupia Sajini faili akisema, "Huyo mama anapiga kelele. Funga hii kabla ya Ijumaa."

"Watasema hizi ni za sasa, watu wameshahamia," Sajini alisema.

"Toa wenye vibandiko."

"Nimetoa. Yanabaki mia mbili arobaini na mawili."

Mwalimu akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye kichwa. "Haya. Angalau mmoja wenu alipata somo la kutoa."

"Uliwahi kumwona mtu akihesabu magari hapa?"

"Mimi naona watoto tisini. Hapa wamepita wapima, wapiga picha, wachimbaji walifukua barabara hapo mbele ya mlango wangu wakafukia bila kuweka hata bomba, wakaja wengine kupaka chaki. Nisimame niulize kila mjinga jina lake?"

Sajini aliandika. Aliandika kila kitu, hata matusi. Halafu akaenda zake.

*

Ripoti nzuri haitaji tarehe. Sajini aliisoma mara mbili akitafuta ni siku gani hiyo "siku ya kawaida ya kazi", hakuipata. Lakini mwishoni, kwa herufi ndogo kama chawa, iliandikwa kwamba fomu za awali zimehifadhiwa ofisi ya mipango miji, manispaa.

Ofisi ya mipango ilikuwa ghorofa ya pili. Ukiingia kwenye korido, kushoto mipango, kulia barabara, milango inatazamana. Katikati, kwenye meza ya masjala, alikaa mama mmoja mwenye miwani ya kamba, na mbele yake kikombe cha chai kilichokuwa kinaheshimiwa kuliko wageni.

"Fomu za hesabu ya magari, mtaa wa chekechea," Sajini alisema.

"Barua."

Akampa barua. Mama wa masjala akaisoma mpaka muhuri, akaigeuza upande wa pili kama anatafuta panya.

"Tangu mtaa huu uanze kelele wamekuja watu kumi na wawili," alisema. "Wote wanataka ripoti. Wewe wa kwanza kutaka fomu."

"Wengine walipenda picha."

Mama hakucheka, ila alinyanyuka, na kwa watu wa masjala hiyo ni zaidi ya kicheko.

Fomu zilikuwa mbili tu, zimeandikwa kwa mkono safi wa ajabu. Jumatano, tarehe kumi na moja, miezi minne iliyopita. Kila robo saa ina mstari wake. Kila gari kijiti kimoja, vijiti vinne vimesimama, cha tano kinavikata. Yanayoingia upande huu wa ukurasa, yanayotoka upande ule. Chini sahihi ya karani wa kuhesabu, na juu yake sahihi ya Mhandisi wa usafiri wa Majumba, kubwa, imezunguka kama nyoka aliyeshiba.

Sajini alifika pale akiwa na jawabu mfukoni: karani alilala, akaamka saa tatu, akachora vijiti. Kesi ndogo, mtu mdogo, Mkuu anafurahi. Alikaa kwenye benchi la korido akatafuta dalili za usingizi. Mtu anayebuni hubuni kwa utaratibu, anaweka tano tano, anaogopa sifuri. Hizi hazikuwa hivyo. Robo saa ya kwanza, matatu yameingia, matatu yametoka. Ya pili, mawili, mawili. Ya tatu, sifuri kwa sifuri. Ya nne, manne, manne.

Akarudia. Mpaka chini. Jumla, kumi na tisa yameingia, kumi na tisa yametoka.

Mtaa wa kupitia asubuhi hauendi hivyo. Asubuhi watu wanamiminika upande mmoja kama maji kwenye mfereji, wanakwenda kazini, jioni ndio wanarudi. Leo Sajini mwenyewe aliona kumi wakienda kwa mmoja anayerudi. Mahali ambapo kila kinachoingia kinatoka palepale, ndani ya robo saa ileile, si barabara. Ni mfuko. Na mfuko una mshono upande wa pili.

"Huyu karani yuko wapi siku hizi?" aliuliza.

"Kalamu Mbili? Yuko mzunguko wa stendi. Mfuate pale penye mwavuli mwekundu. Na usimguse bega."

*

Kalamu Mbili aliitwa hivyo kwa kuwa hajawahi kuonekana na kalamu moja. Alikuwa mzee mkavu, juu ya kigoda, chini ya mwavuli mwekundu wenye kiraka cheupe, ubao wa kuandikia mapajani. Macho yalikuwa barabarani. Mkono ulikuwa unachora vijiti wenyewe, kama wa mtu mwingine.

"Mzee, shikamoo. Mimi natoka—"

"Marahaba. Ngoja robo iishe."

Sajini akangoja dakika tisa, akipigwa moshi. Robo ilipoisha, mzee akapiga mstari, akachukua kalamu kutoka sikioni, akaipeleka nyingine ikapumzike.

"Una dakika moja ya mstari mpya. Sema."

"Wanasema ulilala, tarehe kumi na moja, mtaa wa chekechea."

Mkono ulisimama. Magari matatu yakapita bila kuandikwa, na Sajini akajua amemtukana mtu vibaya sana.

"Miaka thelathini na mmoja," alisema Kalamu Mbili. "Nimehesabu kwenye mvua. Nimehesabu nina homa. Mke wangu alijifungua mapacha mimi niko daraja la reli, nikaambiwa, nikamaliza saa yangu ndipo nikaenda. Nani kasema nililala?"

"Ripoti ina magari thelathini na nane."

"Yalikuwa thelathini na nane."

"Leo nimehesabu mia tatu."

"Leo hakuna shimo."

Alirudisha macho barabarani, akaongeza vijiti vitatu vya yale aliyoyakosa. Aliyakumbuka, yote matatu, na moja lilikuwa pikipiki, akaliweka kwenye safu yake.

"Shimo gani, mzee?"

"La barabarani. Upana wa mtaa mzima, ukuta mpaka ukuta, mbele ya chekechea. Gari linaingia, linaona shimo, dereva anatukana, anageuza, anatoka. Kuingia kimoja, kutoka kimoja."

"Na hukuandika kwamba kuna shimo?"

"Fomu unayo?"

"Ninayo."

"Ina safu ya magari madogo. Ina ya malori, ya pikipiki, ya baiskeli, ya mikokoteni. Nionyeshe safu ya shimo."

Sajini akapitisha kidole kwenye safu za fomu, moja moja.

"Nilimwambia yule kijana wa suti, mhandisi. Alikuja saa mbili kukagua. Nikamwambia, bosi, njia imefungwa, hii hesabu ni ya nini? Akaniambia, mzee, wewe hesabu kinachopita, mambo ya kufikiri tuachie sisi. Nikahesabu kinachopita. Dakika yako imeisha, afande."

"Uko tayari kuyasema haya mahakamani?"

"Nipe tarehe mapema, nitafute mtu wa kushika kigoda. Ila sina mtu wa kumwamini."

*

Neno la mzee mmoja wa kigoda dhidi ya mhandisi wa suti halifiki hata mlango wa kamati. Sajini alilijua hilo. Ila pia alijua kitu kimoja kuhusu manispaa: hata ukitaka kuua nzi kwenye korido yao unaandika maombi. Hakuna mtu anayechimba barabara ya lami bila kibali.

Akarudi kwa mama wa masjala. Chai ilikuwa ileile au dada yake.

"Safari hii kulia," alimwambia. "Ofisi ya barabara. Vibali vya kukata lami, mwezi ule ule."

"Kushoto wanahesabu magari, kulia wanachimba mashimo," mama alisema akinyanyuka. "Wanakula meza moja mchana. Mafaili yao hayajawahi hata kusalimiana."

Kilikuwepo. Kibali cha kukata barabara, mtaa wa chekechea, kuanzia Jumanne jioni mpaka Ijumaa. Sababu: kutafuta bomba la zamani. Mwombaji: Majumba. Sahihi ya nyoka aliyeshiba, halafu tarehe ya maombi, wiki tatu kabla. Sajini akakiweka pembeni ya barua ya kumwajiri Kalamu Mbili kwa kazi ya Jumatano, iliyokuwa imebanwa nyuma ya zile fomu. Tarehe moja. Mhandisi alikaa asubuhi moja mezani akaagiza shimo na mtu wa kuhesabu kwa pamoja, kama anayeagiza wali na maharage.

Bado angeweza kujitetea. Angesema walichelewa, shimo lilichimbwa Alhamisi, kibali si shimo. Watu hawa wana midomo.

"Mama, shimo likifukiwa, nani anathibitisha?"

"Mwombaji. Analeta picha. Bila picha ofisi ya barabara haifungi faili. Kibao cha onyo kionekane, shimo lionekane, na tarehe iwe kwenye picha." Akafungua bahasha ya mwisho ya faili. "Hizo hapo. Huyu ni msafi, kaleta nne. Wengi wanaleta moja yenye kidole."

Sajini akaziinamia. Kibao, shimo, kibao na shimo. Ya nne ilipigwa kwa kusimama juu ya kifusi, ili shimo lionekane lote, ukuta hadi ukuta, mlango wa Mwalimu ukiwa kulia. Pembeni tarehe, kumi na moja, saa mbili na dakika sita asubuhi, na mgongoni mwa picha sahihi ya nyoka. Na kule nyuma, mdomoni mwa mtaa, padogo kama punje lakini wazi kabisa, mwavuli mwekundu wenye kiraka cheupe.

Mwanadamu anaficha shimo kwenye ofisi moja, halafu analipiga picha nne kwa hiari yake na kulipeleka ofisi ya mlango wa mbele. Wezi wa kuku wana akili zaidi. Mwizi wa kuku hagongewi muhuri.

"Naomba nakala yenye muhuri," alisema.

"Andika maombi," alisema mama, akamsogezea kalamu.

*

Ofisi ya Mhandisi ilikuwa chini ya mnara wa kwanza, ina ubaridi wa mashine na harufu ya zulia jipya. Katikati, juu ya meza ya kioo, kulikuwa na Majumba madogo ya plastiki, miti ya sponji, na mtaa wa chekechea uliopakwa rangi ya kijivu. Juu ya mtaa huo palikuwa na magari manne. Chekechea haikuwepo. Mahali pake paliwekwa nyasi.

"Sajini, karibu sana," alisema Mhandisi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, viatu vyake havijawahi kukanyaga saruji mbichi. "Nimesikia kuhusu yule mama yetu. Nasikitika. Wazee wanapenda mabadiliko yawapitie pembeni."

"Ndiyo. Mimi nataka tu kufunga faili. Ananisumbua."

"Anasumbua kila mtu."

"Anadai hesabu imeghushiwa. Nikipata maelezo yako kwa maandishi, namaliza leo."

Mhandisi akatabasamu, akafungua kifungo cha koti. Sajini akatoa fomu ya maelezo, akaanza kuandika taratibu, kama mtu anayepata shida na herufi. Kuna watu wakikuona unaandika pole wanadhani unafikiri pole.

"Magari yalihesabiwa kweli?"

"Moja moja. Na karani mzoefu kuliko wote hapa mjini. Muulize."

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilipita mwenyewe kukagua, kama saa mbili hivi."

"Sasa huyu mama anasema labda siku hiyo kulikuwa na kitu. Sijui msiba, sijui gari limeharibika. Kwamba njia haikupitika."

"Hapana. Ilikuwa siku ya kawaida."

"Niandike hivyo? Njia ilikuwa wazi?"

"Andika. Wazi kabisa."

"Wazi... ka-bi-sa," alisema Sajini, akiandika. "Tangu saa kumi na mbili mpaka saa tatu?"

"Muda wote. Ndugu yangu, ni kazi ya kitaalamu hii, haifanywi kienyeji."

"Soma halafu uweke sahihi. Hapo juu pameandikwa kwamba kusema uongo kwa polisi ni kosa, hayo ni ya kawaida tu, yapo kwenye kila fomu."

Mhandisi hakusoma. Watu wa hadhi yake husomewa. Alizungusha nyoka wake, akafunga kalamu, akauliza kama Sajini atakunywa kitu.

Sajini aliweka picha juu ya mtaa wa plastiki. Magari mawili kati ya manne yakaanguka.

Mhandisi aliitazama. Kwanza kama mtu anayetazama picha. Halafu kama mtu anayetazama shimo.

"Hii ni ya siku nyingine," alisema.

"Tarehe iko pembeni."

"Kamera zinakosea tarehe."

"Na mwavuli?"

"Mwavuli gani?"

Sajini akauonyesha kwa ncha ya kalamu. "Huyu ndiye karani mzoefu kuliko wote mjini. Anahesabu. Na hii nyuma ya picha ni sahihi yako, na kwenye kibali cha kuchimba ni sahihi yako, na kwenye maelezo ambayo wino wake haujakauka ni sahihi yako. Nilikuja kutafuta hesabu ya uongo. Sikuipata. Hesabu yenu ni ya kweli mpaka kijiti cha mwisho. Ni njia tu ndiyo mliyoichimba kwanza."

"Nataka kuongea na Mkuu wako."

"Utaongea naye. Ndiko tunakokwenda."

"Unajua Majumba ni ya nani?"

"Nitaandika. Nitajie, taratibu, mimi mzito wa herufi."

Mhandisi akafunga kifungo cha koti.

*

Walitoka saa kumi na moja jioni. Hakuna njia nyingine ya kutokea Majumba isipokuwa mtaa wa chekechea, na mtaa wa chekechea saa kumi na moja haukuwa mtaa, ulikuwa foleni ya honi. Gari la polisi lilisogea urefu wa kiatu, likasimama. Mbele lori la mchanga. Nyuma vibandiko vya kijani vitupu. Dereva akazima injini, akakunja mikono. Walikuwa mbele kabisa ya mlango wa chekechea, na palepale lami ilikuwa na kiraka kipana, ukuta hadi ukuta.

Mwalimu alitoka na kibao chake, akainama dirishani. Akamwona Sajini mbele. Akamwona mwenye suti nyuma, ametoa jasho mpaka kola.

"Huyu ndiye wa thelathini na nane?"

"Ndiye. Picha na maelezo yake yatakuwa mezani kwa kamati kesho saa nne, na mimi nitakuwa nimesimama nyuma yake. Hawataweza kuidhinisha, Mwalimu. Kesho fungua shule."

Mwalimu akamtazama kama alivyomtazama asubuhi, kabla ya somo la kutoa.

"Nani alikwambia nilikuwa nafunga?"

Akaondoka, akanyoosha kibao mbele ya lori la mchanga ambalo hata hivyo halikuwa linakwenda popote, akavusha mama mmoja na ndoo yake.

Dakika kumi zikapita. Mhandisi alifungua kifungo cha shingo, akaomba dirisha lishushwe, akauliza watakaa hapo mpaka saa ngapi. Sajini aligeuka, akampitishia daftari kwa nyuma na kalamu moja, lile daftari la safu mbili, ukurasa mpya.

"Haya mtaalamu," alisema. "Hesabu."